Lori Linapogeuka Nyumba: Kutoka Yadi za Kurasini Hadi Ukingo wa Ruaha

Saa kumi na mbili jioni, kwenye yadi moja ya malori huku Kurasini, Temeke, jijini Dar es Salaam, utingo alichuchumaa kando ya tela na kufungua makomeo mawili ya boksi la chuma lililofungwa kwenye chesesi. Mlango wa boksi ulishuka taratibu, ukakamatwa na minyororo miwili, ukawa meza. Ndani mlikuwa na mtungi mdogo wa gesi wenye jiko lake juu, sufuria tatu zilizopachikana, kopo la chumvi, chupa ya mafuta ya kula na ndoo ya unga yenye mfuniko. Kati ya chombo na chombo palikuwa na matambara yaliyokazwa vizuri, vyombo visigongane njiani. Kijana akajongea hatua mbili, akafungua koki ya tangi la plastiki lililobanwa jirani na boksi, akanawa mikono, akaanza kukata nyanya.

Dereva alikuwa ameketi kwenye ngazi ya kebini, anavua viatu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu nyumbani."

Lile neno "nyumbani" lilitoka bila mzaha. Ilikuwa siku yake ya nne pale akisubiri karatasi za mzigo wa Lubumbashi, na aliniambia kwamba kwa mwaka analala kwenye kebini ile usiku mwingi kuliko anaolala kwake Mbagala.

Ulaya na Marekani kuna magari yaliyojengwa kuwa nyumba tangu kiwandani, na kuna viwanja vyake, vingi vikiwa kando ya mito na maziwa. Mtu anaingia, anapewa nafasi yake, anaunganisha vitu vitatu: mpira wa maji safi, waya wa umeme na bomba la kutolea maji taka. Akishaunganisha, anaishi hapo wiki au miezi. Kwetu hakuna anayeliita lori nyumba, lakini kazi hiyo hiyo linaifanya, na limefanywa hivyo na watu ambao hawakusoma uhandisi popote. Nimelichunguza kwa muda, boksi kwa boksi, na nimefika mahali pa kusema wazi: upande wa gari kazi imekwisha na imefanywa vizuri. Pengo liko kwenye uwanja ambao gari hilo linalazwa.

Nianze na maji, maana ndiyo yanayopanga siku. Tangi lile la kwenye chesesi lilikuwa la lita 100. Watu wawili wakinywa lita 3 kila mmoja, wakitumia lita 10 kupika na kuosha vyombo, na ndoo moja ya lita 20 wakigawana kuoga, jumla ni lita 36 kwa siku. Tangi linawafikisha siku mbili na ushei. Kuna wenye magari wanaolalamikia uzito wake, na mimi nasema malalamiko hayo hayana msingi. Sheria ya udhibiti wa uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu gari lenye ekseli saba kufikia tani 56. Lita 100 za maji ni kilo 100. Katika kila kilo 1,000 za gari lililojaa, maji hayafiki hata kilo 2. Kwenye mizani za Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako na Mpemba, kinachomkamata mtu ni mzigo uliozidishwa au uliopangwa vibaya juu ya ekseli, na maji ya kunywa ya dereva hayawezi kubebeshwa lawama hiyo.

Umeme ni shughuli nyingine. Lori lina betri mbili za volti 12 zilizoungwa kwa mfuatano kupata volti 24, na kazi ya kwanza ya betri hizo ni kuzungusha stata alfajiri. Taa ndogo na kuchaji simu havizidhuru. Lakini mtu akifunga invata, akaangalia mpira usiku kucha na feni ikizunguka, na betri zenyewe zimechoka, asubuhi atagonga kioo cha jirani kuomba kuunganishiwa waya. Mzee alikuwa ameshalimaliza hilo: paneli ndogo ya sola juu ya paa la kebini, betri ya pembeni isiyogusana na zile za stata, na taa, feni na simu zote zikila kwenye hiyo ya pembeni. Wenye magari-nyumba wa huko nje hutenganisha betri zao namna hiyo hiyo.

Kulala ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi. Kitanda cha nyuma ya viti ni cha dereva. Utingo, joto la Dar likizidi, hutandika chini ya tela kwenye upepo. Hatari yake inajulikana: mtu mwingine aje usiku, awashe gari alisogeze nafasi. Kijana yule alinionyesha dawa yao. Ufunguo wa gari ulikuwa umefungwa kwa kamba kiunoni mwake, na haukutoka hapo mpaka alipoamka. Chandarua alikuwa amekitundika kwa ndoano nne alizochomelea kwenye chesesi, kikashuka wima pande zote na kukunjiwa chini ya mkeka. Nimeona vyandarua vya mahotelini vilivyotundikwa vibaya kuliko kile.

Huko mbele, Iringa na Makambako, shida hugeuka. Mwezi wa sita na wa saba baridi ni kali, na wapo wanaoingiza jiko la mkaa ndani ya kebini na kupandisha vioo. Mkaa unaowaka mahali palipofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Anayeivuta hasikii kukabwa wala kukohoa. Anaweza kusinzia tu, na huenda asiamke. Mkaa uishie nje. Kebini ni ya blanketi.

Basi gari limekamilika. Sasa tutazame pale linapolazwa.

Kutoka Kurasini, ukivuka Daraja la Nyerere lenye urefu wa mita 680, lililozinduliwa Aprili 19, 2016, unaingia Kigamboni, ambayo ilikuwa sehemu ya Temeke mpaka ilipopewa wilaya yake. Kwa miaka mingi kambi za ufukweni kule, kama Mikadi na Kipepeo, zimepokea wageni wanaolikata bara la Afrika kwa Land Rover zenye hema juu ya paa. Wengine huacha gari hapo wakaenda Unguja, kisha wakarudi kulichukua. Kwa anayelala garini, cha kuangalia kule ni vile vitu vinavyomsubiri chini: ardhi iliyo sawa, kivuli, koki ya maji, bafu, choo kilicho wazi usiku, mlinzi, na njia ya gari kutoka bila kumwamsha jirani. Mgeni analipa kwa usiku na anavipata vyote.

Ng'ambo hii, kwenye yadi niliyokuwa nimekaa, choo kilikuwa kimoja kwa malori yote, kwa malipo, na mlinzi alikifunga saa nne usiku. Bomba la maji halikuwapo. Tangi lilijazwa kwa madumu ya mkokoteni. Mvua ikinyesha, maji ya uwanjani yalitafuta njia yake chini ya matela, yakipita kwenye mafuta yaliyomwagika na kuyabeba. Gari la kigeni lenye watu wawili na gari letu lenye watu wawili yana haja zile zile, kwa kipimo kile kile cha lita.

Nilipomuuliza mzee ni wapi njiani anapolala vizuri, hakusita: Ruaha Mbuyuni.

Wasafiri wa barabara ya Iringa wanapajua, kwa mibuyu iliyopapa jina na kwa vitunguu vinavyouzwa kando ya lami. Ukifika hapo ukitokea Dar, umeshazimaliza kilomita 50 za Hifadhi ya Mikumi, ambazo hakuna dereva mwenye akili anayetaka kuzipita giza likiwa limeingia na wanyama wakivuka, na mbele yako unakusubiri mlima Kitonga, ambao lori lililojaa ni bora likaupande injini ikiwa imepumzika. Mto Ruaha Mkuu upo hapo hapo. Kuna chakula, maji na watu, na upepo wa mtoni jioni unafanya kebini ilalike. Bila mtu yeyote kuchora ramani, kijiji kimekuwa kambi ya magari ya kando ya mto.

Dereva huyu ana namna yake ya kuchagua mahali, na ningependa kila mwenye kupiga kambi mtoni aijue. Kwanza hatazami maji; anatazama vichaka. Majani makavu, vijiti na vipande vya nailoni vilivyonasa kwenye matawi vinaonyesha mto ulipofika mara ya mwisho ulipojaa. Hapaki chini ya mstari huo hata kama mchanga ni mkavu na wingu halionekani. Tena mto ule una jambo lake: juu yake kuna bwawa la Mtera, lililojengwa kutunza maji ya mitambo ya Kidatu iliyo chini. Maji yanaweza kuongezeka kwa sababu yamefunguliwa huko juu, au mvua imenyesha mahali pengine kabisa, huku ulipo wewe nyota zikiwaka. Pili, anakanyaga ardhi kwa kisigino. Mchanga wa mtoni unaombeba mtu vizuri haubebi ekseli yenye tani kadhaa. Tela litazama usiku kidogo kidogo, na asubuhi kulitoa ni kazi ya nusu siku. Tatu, anageuza kichwa cha gari kielekee barabarani tangu jioni. Nne, anatafuta njia za kiboko, zile zilizolainishwa na matumbo na miguu kutoka majini kwenda majanini, na anakaa mbali nazo, kwa sababu kiboko akirudi alfajiri akakuta kitu kimesimama kati yake na maji, hapigi hodi.

Temeke nayo ina mito, ingawa tumeizoea mpaka hatuioni. Abiria wa Mbagala anaitaja Mtoni kila siku bila kukumbuka kuwa jina hilo limetokana na Kizinga, na akifika Kongowe anavuka Mzinga. Mito hii miwili inashuka kutoka upande wa vilima vya Pugu na Kisarawe na kumwaga kwenye hori linaloingia bandarini. Kuna mambo mawili hapa ambayo mwenye yadi lazima ayajue. La kwanza ni bahari: wakati wa bamvua, maji ya Dar es Salaam hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mvua kubwa ikikutana na bahari iliyojaa, maji ya mto hayana pa kwenda, yanapanda kingo. La pili ni kwamba mtambo wa maji wa Mtoni unachota kwenye Kizinga. Maji ya mto huo yanarudi kwenye ndoo za watu wa Temeke, kwa hiyo oili na kinyesi vinavyoachwa ndani ya bonde lake havipotei.

Kuhusu kuegesha magari bondeni, jiji hili limeshalipa ada ya shule. Karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa Jangwani, katika bonde la Msimbazi, na tangu huduma ilipoanza Mei 2016 imefunikwa na mafuriko mara kadhaa, mabasi yakiwa ndani. Kama karakana ya chombo cha umma chenye wahandisi ilizama, yadi ya mtu binafsi iliyojazwa kifusi pembeni mwa Kizinga haitaokolewa na ukuta wa matofali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inataka shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, zikae angalau mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mzee wa Kurasini, ambaye hajawahi kukisoma kifungu hicho, anaishi karibu na kanuni yake kila anapolala Ruaha.

Uwanja mzuri kwa malori ishirini hauhitaji makubwa. Uwe juu ya mstari wa mafuriko, umwagiwe changarawe na kushindiliwa, na uinamishwe kidogo upande mmoja, maji yaende kwenye mfereji wenye shimo la kutega mafuta kabla hayajatoka nje. Choo kisiwe cha shimo lililochimbwa mpaka majini, kwa sababu mabondeni maji ya ardhini yako karibu. Kiwe na tangi linalonyonywa na gari la maji taka, na kikae wazi saa zote 24. Koki mbili za maji zenye mita. Taa. Mahali penye paa ambapo utingo atalala akiwa na chandarua chake, asilale chini ya ekseli. Kwa vitu hivi ada ya maegesho inaweza kupanda kidogo, na madereva niliozungumza nao walisema wangelipa.

Nawaomba wenye yadi wa Kurasini, Keko na Mtoni wavuke daraja siku moja, wakazitazame kambi za ng'ambo na kuuliza zinavyoendeshwa. Na nawaomba Manispaa ya Temeke jambo dogo linalowezekana mwaka huu huu: kabla ya kumpa mtu leseni ya yadi ya kulaza malori, mkague choo, koki na mfereji, na mkirudi usiku mkakuta choo kimefungwa, leseni ifungwe nacho.