Mbwa-mwitu Asiye na Makazi: Uhakiki wa Neno Moja katika Tafsiri za Maandiko

Tafsiri ya jina la mnyama aghalabu hupimwa kwa swali moja: je, mnyama aliyetajwa ndiye? Swali la pili, yaani mnyama huyo anaishi wapi, huulizwa kwa nadra, ingawa katika matini nyingi mahali ni sehemu ya maana. Neno mbwa-mwitu ni mfano mzuri. Biblia ya Union Version (1952) inalitumia kwa mnyama ambaye wanasayansi humwita Canis lupus, na Ali Muhsin al-Barwani alilitumia katika tafsiri yake ya Sura ya Yusuf. Hata hivyo, katika Afrika Mashariki neno hilohilo ni jina la Lycaon pictus, mnyama mwenye mabaka, masikio ya duara na vidole vinne tu katika miguu ya mbele. Hawa ni wanyama wa jenasi mbili tofauti.

Tofauti yao haiishii mwilini. Lycaon ni mnyama wa savana na misitu ya miombo, ambaye huwinda swala kwa kundi, hasa asubuhi na alasiri. Canis lupus haishi popote kusini mwa Sahara. Makazi yake ni Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini, naye huonekana katika misitu ya baridi, tundra, milima, nyika na hata jangwa. Kinachomfungamanisha na mahali si miti bali ni kuwapo kwa mawindo na nafasi ya kujificha mbali na binadamu. Kwa Waswahili, aliye karibu zaidi ni yule wa Uarabuni, ambaye huishi pia Dhofar, nchini Oman. Huyo ni mdogo wa umbo, hutembea peke yake au katika vikundi vidogo, hupumzika mchana katika vilima vikavu na kutoka usiku, na mara nyingine huvamia mbuzi wa wafugaji. Mbwa-mwitu wa Maandiko ni wa mazingira ya namna hiyo: nchi kavu, kundi la mifugo na mchungaji.

Hapo ndipo Yeremia 5:6 inapostahili kuangaliwa upya. Aya hiyo inataja wanyama watatu: simba, mbwa-mwitu na chui. Simba anatoka mwituni. Chui anaivizia miji. Kwa mbwa-mwitu, Kiebrania kina neno linaloweza kusomwa kuwa la wakati, yaani jioni, au la mahali, yaani nyika kavu au jangwa. Union Version ilichagua jioni. Tafsiri ya Kiingereza ya Revised Standard Version, iliyotoka mwaka huohuo wa 1952, ilichagua jangwa. Uchaguzi wa kwanza unaweza kutetewa kisarufi, lakini unavunja ulinganifu wa aya: wanyama wawili wana mahali, wa tatu hana. Zaidi ya hayo, kwa kuwa jina lake lenyewe limebeba neno mwitu, msomaji humrudisha katika mwitu uleule alikotoka simba.

Inaweza kujibiwa kwamba mwitu katika jina hili halimaanishi msitu bali hali ya kutofugwa, kama ilivyo katika nguruwe-mwitu. Jibu hilo ni sahihi kwa mwanaisimu. Hata hivyo, msomaji wa Ankoro, mahali mto Luvua unapokutana na Lualaba, hasomi akiwa na kamusi mkononi. Hujaza picha kwa nchi anayoijua, ambayo ni ya miombo na maji mengi, na jangwa la nabii linatoweka bila yeye kujua kuwa lilikuwapo.

Hasara nyingine inampata mnyama wa Afrika. Katika Mathayo 7:15 mbwa-mwitu ni mfano wa nabii wa uongo, na kwa njia ya jina sifa hiyo humwangukia Lycaon. Haiwezi kudaiwa kwamba tafsiri ndiyo iliyomponza. Magonjwa, mitego, kuuawa na watu na kupungua kwa makazi ni sababu zinazojulikana. Lakini mnyama ambaye makadirio ya mwaka 2012 yalimpa idadi ya takriban 6,600 tu barani kote hahitaji kubebeshwa lawama ya mwenzake wa Asia.

Haipendekezwi kwamba neno lililozoeleka katika ibada liondolewe. Linalohitajika ni mambo mawili. Kwanza, kamusi na vitabu vya shule vitenganishe maana hizi mbili kwa kutaja makazi ya kila mnyama, na vimwite Canis lupus mbwa-mwitu wa kijivu. Pili, matoleo yajayo ya Biblia yaweke tanbihi katika Yeremia 5:6, ili anayesoma Ankoro ajue kwamba mbwa-mwitu wa aya hiyo huenda alitoka jangwani.