Nilimpigia Makofi Kabla Sijamjua

Saa tisa na robo usiku. Nimekaa kitandani, kompyuta mapajani, na nimetoka kupiga ukelele ambao jirani ameujibu kwa ngumi mbili ukutani. Anisamehe. Angeona nilichokiona, naye angepiga. Jamani, nimekutana na Admirali Helena Cain, na sijui nianzie wapi.

Ndiyo, nimechelewa. Battlestar Galactica ya Ronald D. Moore ilianza mwaka 2003, na sehemu iitwayo "Pegasus" ilirushwa Marekani tarehe 23 Septemba 2005. Wenzangu walishaitazama zamani, wakaimaliza, wakairudia. Kila nikiwasifia tamthilia nyingine walinijibu, "Ngoja ufike kwa Cain." Nikadhani wanatia chumvi. Sasa nimefika, na nawadai: walinipunja, waliniambia kidogo mno!

Kwa asiyeijua hadithi, kwa kifupi. Makoloni Kumi na Mawili ya wanadamu yameteketezwa kwa mabomu ya nyuklia na Cylon, maroboti ambao wanadamu waliwaunda wenyewe, na ambao baadhi yao sasa wana sura na ngozi kama yako na yangu. Wamebaki watu wasiofika elfu hamsini, wamesongamana kwenye meli za raia zinazokimbia angani, na mlinzi wao ni manowari moja chakavu, Galactica, iliyokuwa siku ileile inageuzwa makumbusho. Ukongwe ndio ulioiponya: kompyuta zake hazikuunganishwa, adui akakosa pa kupenyea. Kamanda wake ni William Adama, anaigizwa na Edward James Olmos, mzee mwenye sauti ya kokoto. Rais ni Laura Roslin, waziri wa elimu aliyerithi kiti kwa kuwa wote waliomtangulia wamekufa.

Basi, katikati ya msimu wa pili, mitambo inaona chombo kikubwa kinasogea. Kila mtu anajua ni kifo. Kumbe siyo! Ni manowari nyingine ya wanadamu, Pegasus, mpya, inaifanya Galactica ionekane kama jahazi kuukuu. Watu wanalia, wanakumbatiana na wasiowajua. Mlango wa chombo unafunguka, anashuka mwanamke mrefu, mgongo umenyooka kama mlingoti, macho hayapepesi. Umati unalipuka kwa shangwe. Na mimi, peke yangu chumbani, nikapiga makofi.

Hapo ndipo nilipoliwa.

Sisi tuliokulia mabanda ya video tuna elimu yetu. Kuna stelingi, kuna adui, na dakika kumi hazipiti hujajua nani ni nani. Stelingi hafi, adui hucheka vibaya. Cain hacheki vibaya. Anaongea taratibu, anakaribisha watu kwa adabu, anagawa vifaa na vipuri ambavyo Galactica ilikuwa inaviota. Kisha inakuja hesabu ndogo ambayo nilikuwa sijaipiga: yeye ni admirali, Adama ni kamanda. Mzee tuliyemzoea kama baba mwenye nyumba anageuka mpangaji papo hapo, bila risasi wala ugomvi. Ni cheo tu. Michelle Forbes, anayemwigiza Cain, anaicheza zamu hiyo kwa kuinua kidevu kiasi cha unene wa kidole, basi, na chumba kizima kinapoa.

Nikuonyeshe sehemu moja tu. Kanali Fisk, naibu wa Cain, anakunywa na Kanali Tigh, naibu wa Adama. Manaibu wawili, chupa moja. Fisk anasimulia: naibu aliyekuwapo kabla yake alikataa amri ya kushambulia, akaona ni kuwapeleka watu machinjioni. Cain akamwomba bastola yake. Yule bwana akaitoa, akamkabidhi. Cain akampiga nayo risasi ya kichwa mbele ya askari wote, kisha akamgeukia Fisk na kumpa kazi. Fisk ananyamaza, anamtazama Tigh, halafu anaangua kicheko: nakutania bwana! Tigh naye anacheka, kile kicheko cha mtu asiyejua aweke wapi mikono. Na wewe unayetazama unajua, kwa namna kicheko kilivyochelewa, kwamba hakuna utani.

Kinachonimaliza ni ile bastola. Siyo yake! Kaiomba, naye mtu kaitoa kwa utii. Amri ya kwanza kaikataa, ya pili kaitii, na ya pili ndiyo iliyomuua.

Halafu yanaanza kuvuja mengine. Pegasus ilikutana na meli kumi na tano za raia. Galactica ilipokutana na raia iliwachunga. Cain alizivua zile kumi na tano vipuri, hata mitambo ya kurukia mbali, akachukua watu wenye ujuzi, waliobaki akawaacha gizani bila pa kukimbilia. Waliokataa kutoka, familia zao zilipigwa risasi. Na chini, kwenye seli, kuna Gina, Cylon mwenye sura ya mwanamke (Tricia Helfer, na kazi anayoifanya hapa akiwa amelala sakafuni tu inastahili makala yake), anayeteswa na kubakwa na walinzi kwa idhini ya mkubwa wao. Cain anaingia, anampiga teke, anamtemea mate. Hapo makofi yangu ya mwanzo nilitamani niyarudishe mfukoni.

Lakini subiri, maana ndipo utamu unapozidi na roho inapozidi kuuma. Kila hoja yake ina mantiki. Wanadamu wako vitani. Pegasus yake iliponea chupuchupu ikiwa bandarini kwa matengenezo, kompyuta zimezimwa, na yeye ndiye aliyeamuru meli iruke gizani bila kujua itaibukia wapi. Angesita, wote wangekuwa majivu. Kusita hakukumwokoa mtu yeyote anayemjua, basi yeye akaacha kabisa kusita. Nilijikuta nikitikisa kichwa kukubali, nikashtuka, nikaacha, dakika tano baadaye nakubali tena.

Wazee walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Askari wawili wa Adama wanamuua kwa bahati mbaya luteni mmoja wa Pegasus wakimzuia asimbake mfungwa mwingine. Cain anawahukumu kifo haraka haraka, bila baraza la maana. Adama anarusha ndege zake. Cain anarusha zake. Wanadamu wa mwisho ulimwenguni wanaelekezeana mitutu, ngoma za Bear McCreary zinapanda, na... mwisho! Watazamaji wa Marekani walisubiri hadi tarehe 6 Januari 2006. Miezi mitatu na zaidi! Mimi nilisubiri sekunde tano, na hata hizo ziliniuma.

Katika tamthilia ya awali ya mwaka 1978, Cain alikuwa mwanamume, Lloyd Bridges, shujaa mzee mwenye mbwembwe. Kumgeuza mwanamke kungeweza kuwa pambo tu. Hapa hakuna anayeitaja jinsia yake, hakuna anayeshangaa kwamba mama anaamuru. Wanamwogopa kwa yale yale ambayo wangemwogopea baba.

Malalamiko ninayo. Sehemu tatu tu! Ndiyo maana nikaivamia filamu ya Razor ya mwaka 2007, inayorudi nyuma kutuonyesha yaliyosimuliwa. Risasi ile ya naibu tunaiona kwa macho sasa, na bado ile ya mdomo wa Fisk inatisha zaidi. Tunajua pia kwamba Gina alikuwa mpenzi wa Cain kabla hajafichuka, na hilo linaifanya seli ile isitazamike kabisa. Ila wanapotaka kunieleza na utoto wake, naona wanamkata makali. Mtu huyu alikuwa mzito zaidi nilipokuwa sijui anatoka wapi.

Tamati ya sehemu ya tatu sitakumalizia uhondo. Nitakwambia tu mambo yalivyopangwa. Adama amemweka rubani wake Starbuck karibu na Cain ndani ya Pegasus, bastola kiunoni, akisubiri neno la siri kwenye simu. Cain amemweka Fisk ndani ya Galactica na askari, nao wakisubiri neno lao. Hakuna anayejua kwamba mwenzake amepanga jambo lilelile. Vita walivyoungana kupigana dhidi ya Cylon vimekwisha, meli ya adui imelipuka, watu wanashangilia kama walivyoshangilia siku ile mlango ulipofunguka. Cain anashika simu. Uso ni uleule usiopepesa, na kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye kile chombo, nikauona unasita.