Sifa ya Wakili wa Muflisi

Katika matawi yote ya uwakili sijui lililodharauliwa kwa muda mrefu kama lile la kusimama mahakamani na kampuni iliyoshindwa kulipa madeni yake, wala sijui linalostahili taadhima zaidi. Mjini New York, katikati ya karne ya 20, ofisi kubwa za mawakili ziliiona kazi hiyo kuwa idhilali, zikaiacha kwa ofisi ndogo ambazo mawakili wake wengi walikuwa Wayahudi, watu waliofungiwa milango mahali pengine kwa sababu ya asili yao. Miongoni mwa watu hao alitoka Harvey Miller, mzaliwa wa Brooklyn, aliyejiunga na ofisi ya Weil, Gotshal & Manges mwaka 1969 akaanzisha humo idara ya ufilisi, hata kazi iliyokimbiwa ikawa kazi ya kugombewa.

Zana yake kubwa ilikuwa sheria ya ufilisi ya Marekani ya mwaka 1978, na hasa Sura yake ya 11, ambayo huiacha kampuni mikononi mwa wakuu wake iendelee na tijara huku ikitafuta sulhu na wadai. Mara ombi linapopokelewa, mikono yote huzuiwa: mdai hawezi kuendeleza kesi, wala kukamata mali, wala kunadi rehani. Msomaji wa pwani, aliyefundishwa na dini yake kwamba mdaiwa mwenye dhiki apewe muhula mpaka apate nafasi, hataona ugeni ndani ya jambo hili. Na Kenya nayo, katika Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, imetanguliza kuiokoa kampuni kabla ya kuivunja, ingawa huko hatamu hukabidhiwa msimamizi.

Walakini muhula peke yake haulipi deni. Chombo kikielemewa na dhoruba shehena hutoswa, na insafu ni kwamba yule ambaye bidhaa zake zimesalimika asaidie kubeba hasara ya yule ambaye zake zimekwenda na maji. Basi wakili wa ufilisi ndiye anayekesha na hesabu hizo, akimsihi mwenye benki apunguze dai lake, mwenye hisa akubali kutoka mikono mitupu, na muuza vipuri aendelee kuleta mzigo kwa mtu ambaye jana hakumlipa, hata kila mmoja atambue kwamba fungu lake katika kampuni iliyo hai ni kubwa kuliko fungu lake katika mnada wa meza na mashine.

Miller alikuwa na umri wa miaka 75 benki ya uwekezaji ya Lehman Brothers ilipoanguka, naye akawa wakili wake. Ombi la tarehe 15 Septemba 2008 lilitaja madeni ya dola bilioni 613, na Marekani haijapata kuona ufilisi mkubwa kuliko huo. Kwa kuwa kila saa iliyopita wateja walihama na thamani ya kilichosalia ikazidi kupungua, siku nne baadaye Hakimu James Peck aliendelea kusikiliza hoja hadi baada ya usiku wa manane, ndipo akaidhinisha biashara ya Amerika Kaskazini iuzwe kwa Barclays, na maelfu ya watumishi wakabaki na kazi. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya General Motors, iliyoingia mahakamani tarehe 1 Juni na kutoka kama kampuni mpya tarehe 10 Julai.

Wako wanaonung'unikia ujira wa mawakili hawa, na ni ujira mkubwa kweli. Lakini hukaguliwa na hakimu, na sheria hiyo hiyo huiwezesha kamati ya wadai wasio na dhamana kuwa na wakili wake, alipwe kutoka mali ya mdaiwa. Hilo nalistahi kuliko yote niliyoyataja, kwa maana mwenye karakana ndogo, ambaye ankara yake ingepotea chini ya makabrasha ya mabenki, hupata mtu wa kumsemea mbele ya hakimu yule yule, siku ile ile, kabla mali haijagawanywa.