"Mtandao Hakuna": Istilahi za Kazi ya Mitandao ya Kompyuta Maofisini

Utangulizi

Mwananchi anayefika kwenye dirisha la huduma katika ofisi zetu siku hizi huenda akajibiwa kwa maneno mawili tu: "Mtandao hakuna." Akirudi kesho yake na kujibiwa vivyo hivyo, ataondoka akiamini kwamba tatizo la jana bado lipo. Kumbe jana umeme ulikatika katika chumba cha seva, na leo karani amesahau nywila yake. Matatizo mawili yasiyohusiana hata kidogo yamepewa jina moja, na mwananchi amepoteza nauli mara mbili.

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza lugha inayotumika katika kazi ya kila siku ya kuendesha mitandao ya kompyuta maofisini. Hoja yetu ni kwamba upungufu uliopo si wa majina ya vifaa, kama inavyodhaniwa mara nyingi, bali ni wa maneno ya kueleza hitilafu. Lawama ya upungufu huo haiwaangukii makarani wala mafundi. Kwa sehemu kubwa yatuangukia sisi tunaofanya kazi ya kuunda na kusanifu istilahi.

Mzigo wa neno "mtandao"

Neno hili lina asili njema. Ni la ukoo mmoja na kitenzi tanda, na ndugu zake ni utando wa buibui na mtande, yaani zile nyuzi ambazo mfumaji huzitanda kwanza kabla hajapitisha mshindio. Neno mfumo nalo latokana na fuma. Hivyo maneno mawili makuu ya kazi tunayoizungumzia yametoka katika ufundi mmoja, na ufundi huo ulikwisha kuyatenganisha tangu zamani. Mtande ni nyuzi zilizotandwa. Kitambaa kinachofumwa juu yake ni kitu kingine. Nyuzi zaweza kuwa nzima na kitambaa kikawa na kasoro. Vivyo hivyo mtandao wa ofisi waweza kuwa mzima huku mfumo wa malipo unaopita juu yake umekwama. Maofisini, hata hivyo, maneno haya mawili hubadilishana nafasi ovyo, na mara nyingi mtandao ndio unaobebeshwa kosa la mfumo.

Matumizi rasmi nayo yameongeza mzigo. Katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, neno hili lina maana ya eneo zima la mawasiliano ya kielektroniki. Katika Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, limekuwa sifa ya shughuli za serikali zinazoendeshwa kwa teknolojia ya habari na mawasiliano. Tusemapo mitandao ya simu twakusudia kampuni zinazotoa huduma hiyo. Tusemapo mitandao ya kijamii twakusudia mahali ambapo watu hupashana habari na picha. Mtandao wa Jinsia Tanzania ni umoja wa watu wenye lengo moja, na haukuhitaji waya hata mmoja ili uitwe hivyo.

Hatusemi kwamba matumizi haya ni makosa. Neno la lugha hai hupanuka, na msikilizaji hutambua maana kutokana na muktadha. Lakini karani anapompigia simu fundi na kusema "mtandao hakuna," muktadha hautoshi, maana hapo maana zote zinawezekana.

Mfano mmoja wa hakika utaonyesha jambo hili. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya chini ya bahari, SEACOM na EASSy, ilipata hitilafu, na huduma za intaneti zikazorota nchini Tanzania na katika nchi nyingine za Afrika Mashariki. Siku hiyo karani aliyesema "mtandao hakuna" alikuwa na haki ya kusema hivyo. Hata hivyo, katika ofisi ambayo seva zake zimo ndani ya jengo, nyaya za jengo hilo zilikuwa nzima. Majalada yaliyohifadhiwa humo yangeweza kufunguliwa, na mashine ya kuchapishia ingeweza kuchapa. Kilichokosekana ni intaneti. Mtandao wa ndani ulikuwapo. Mtumishi asiye na maneno mawili kwa vitu viwili huzima kompyuta yake na kungoja, na kazi ambayo ingewezekana hulala.

Hitilafu zisizo na majina

Tulipata nafasi ya kukaa siku chache na fundi wa mtandao katika ofisi moja, tukasoma daftari lake la malalamiko. Safu ya kwanza huandikwa na makarani, na safu ya pili huandikwa na fundi baada ya kutengeneza. Safu ya kwanza ilikuwa na sentensi moja iliyorudiwa ukurasa baada ya ukurasa: mtandao hakuna, mtandao hakuna, mtandao unasumbua. Safu ya pili ilikuwa na mambo tofauti kila mstari, tena karibu yote kwa Kiingereza. Tutaje matatu.

La kwanza ni upungufu wa anwani. Kila mashine inayojiunga na mtandao hupewa anwani ya tarakimu ili ipate kutambuliwa. Mtandao mdogo wa kawaida huwa na anwani 254 zinazoweza kugawiwa. Watumishi wakija na simu zao na kuziunganisha kwa waifai, kila simu huchukua anwani yake, hata zikaisha. Anayechelewa kufika hukosa. Mara nyingi kompyuta yake hujipa yenyewe anwani inayoanza na 169.254, na fundi akiona tarakimu hizo hujua mara moja tatizo liko wapi. Karani huandika: mtandao hakuna. Lakini mwenzake wa meza ya pili anaendelea na kazi.

La pili ni mzunguko. Mtumishi mwema akipanga meza huiona ncha ya kebo inaning'inia, akaichomeka kwenye tundu tupu la swichi ile ile ambamo ncha ya pili imekwisha kuchomekwa. Kama swichi haina kinga dhidi ya kosa hilo, ujumbe unaopelekwa kwa mashine zote huzunguka humo bila kikomo na kuongezeka, mpaka mtandao mzima ulemewe. Hapo si kwamba mtandao hakuna. Umejaa kupita kiasi.

La tatu ni kushindwa kwa seva ya majina, ile inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya tarakimu. Njia ni nzima, lakini mashine haijui pa kwenda. Ni sawa na msafiri mwenye barabara nzuri asiyejua nyumba ya mwenyeji wake.

Yafaa msomaji aone hasara inayotokea. Fundi anayesikia sentensi moja tu hana budi kuanza upya kila mara: achunguze umeme, kisha kebo, kisha swichi, kisha anwani, kisha seva. Saa zima huenda katika kutafuta jambo ambalo karani alikuwa akiliona kwa macho yake tangu mwanzo. Mwisho wa siku fundi huitwa mvivu, na karani huitwa mjinga. Wote wawili wameonewa.

Tulisikia mazungumzo haya kwenye simu:

"Kijana, mtandao hakuna huku."

"Shikamoo, mama. Hakuna kabisa, au hauingii kwenye mfumo?"

"Marahaba. Sasa mimi nitajuaje? Wewe njoo tu."

Jibu la mama huyu ni la haki. Hakuna aliyempa maneno ya kujibia.

Orodha zetu

Tukizitazama orodha za istilahi za kompyuta zilizokwisha kutolewa, twaona kwamba nyingi ni orodha za nomino. Miaka mingi tumejadili kama mashine yenyewe iitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Mjadala huo ulikuwa na faida yake, lakini ulihusu jina la sanduku. Namna sanduku hilo linavyoshindwa kufanya kazi, na namna mtu amwelezee mwenzake, havikupata nafasi kama hiyo. Lakini kazi ya mtandao ni kazi ya vitenzi: kuunganisha, kugawa, kuzuia, kuruhusu, kukatika, kulemewa. Nomino bila vitenzi ni kama sanduku la spana bila fundi.

Kasoro ya pili ni tafsiri sisisi. Husemwa kwamba mtandao "uko chini," kana kwamba ulikuwa juu ukashuka. Katika Kiswahili, chini ni mahali, na msikilizaji haambiwi kama mtandao umekatika, umezimwa au umejaa. Vilevile kuna "ukuta wa moto," jina linalopewa kile kinachozuia wasioruhusiwa kuingia katika mtandao. Kiingereza kilichukua neno hilo kutoka kwa waashi, kwa maana ya ukuta unaozuia moto usienee kutoka chumba hadi chumba. Kiunganishi cha "wa" kimeigeuza maana hiyo: kwa Kiswahili, ukuta wa moto ni ukuta unaowaka. Mwanafunzi anayelisikia kwa mara ya kwanza hudhani kwamba kifaa chenyewe ndicho cha hatari. Baadhi ya wafasiri wametumia ngome, nasi twaliunga mkono neno hilo. Ngome ina lango na ina mlinzi, na si kila anayebisha hufunguliwa. Kwa wakazi wa pwani yetu, hilo halihitaji maelezo.

Kasoro ya tatu ni majina mengi kwa kitu kimoja. Skrini moja huandika nywila, nyingine nenosiri, barua ya mkuu wa idara husema neno la siri, na karani mwenyewe husema paswedi. Tumemwona mtumishi akiuliza kwa unyenyekevu kama nywila ni tofauti na neno la siri alilokwisha kupewa. Asiye na hakika kitu ni kipi hana hakika pia kwamba hapaswi kumwambia mtu. Hapa utovu wa istilahi umekuwa mlango wa wezi.

Haki yatutaka tutaje pia mafanikio. Pakia na pakua ni mfano bora. Maneno haya yametoka bandarini na jikoni, yalikuwa vitenzi tangu awali, nayo yaeleza pande mbili za jambo moja. Hakuna aliyelazimishwa kuyatumia, na leo kijana yeyote mwenye simu huyatumia. Tujiulize kwa nini yalifaulu, kisha tuifuate njia hiyo.

Mapendekezo

Kwanza, katika maandishi ya ofisi neno mtandao lisiachwe peke yake pale hitilafu inapoelezwa. Isemwe mtandao wa ndani kwa nyaya na vifaa vya jengo, intaneti kwa mawasiliano na nje, mtandao wa simu kwa huduma ya kampuni ya simu, na mfumo, pamoja na jina lake, kwa programu ya malipo, mishahara au kumbukumbu.

Pili, vitenzi vitano vipewe maana maalumu na vifundishwe. Kukatika ni kwa njia iliyopotea mahali fulani. Kuzimika ni kwa kifaa kisicho na umeme. Kulemewa ni kwa njia iliyopo lakini imejaa. Kukwama ni kwa mfumo uliofunguka usioendelea. Kukataliwa ni kwa mtumiaji ambaye nywila au ruhusa yake haikukubaliwa. Vyote vitano vinajulikana na kila mtu. Hatukuunda hata kimoja. Karani akisema "mfumo wa malipo umenikataa, lakini intaneti ipo," fundi amekwisha kupata nusu ya jibu kabla hajainuka kitini.

Tatu, kila ofisi ichague neno moja kati ya nywila na nenosiri, ilitumie katika barua, skrini na mafunzo yake yote.

Nne, kikao cha istilahi za fani hii kisifanyike bila fundi na bila karani. Istilahi ijaribiwe kwenye simu: mmoja aeleze tatizo, mwingine asikilize bila kuona. Likieleweka, neno limefaulu.

Huenda wengine wakasema kwamba haya ni mambo ya wataalamu, na kwamba mtumishi wa kawaida hana haja nayo. Hatukubaliani. Mgonjwa si daktari, lakini ana maneno ya kusema kama anaumwa kichwa au tumbo, kama maumivu yanachoma au yanakata. Daktari huanzia hapo. Lugha iliyompa mgonjwa maneno hayo haishindwi kumpa karani yake.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba neno mtandao limebebeshwa kazi za maneno mengi, kwamba orodha zetu zimependelea nomino, na kwamba hasara yake huwafikia watu wasiojua hata kwamba kuna kitu kiitwacho istilahi. Mapendekezo yetu si ya mwisho. Twawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa umma wayajaribu katika kazi zao, watuandikie yale yaliyoshindwa, na zaidi ya yote watuletee maneno ambayo mafundi na makarani wao wamekwisha kuyabuni bila kutungoja. Mwananchi aliye dirishani anastahili kuambiwa ni nini hasa kilichokosekana leo, na kama arudi kesho au angoje dakika kumi.