MWINGILIANO AU MAELEWANO? Uhakiki wa Istilahi Moja ya Kompyuta

Miongoni mwa istilahi zinazotumika vyuoni mwetu imo hii ya "mwingiliano wa binadamu na kompyuta", jina la taaluma inayochunguza jinsi watu wanavyozitumia mashine hizo. Makala haya yanakusudia kuipima kwa vipimo viwili: historia ya taaluma yenyewe, na lugha inavyotumika wilayani Kilosa.

Taaluma hii ilianza kupata jukwaa lake mwaka 1982, wataalamu walipokutana Gaithersburg, Marekani. Hapo mwanzo walishughulika zaidi na mtu mmoja mbele ya mashine moja: jicho husoma kwa kasi gani, na mkono huchukua muda gani kukifikia kitufe. Baadaye ilidhihirika kwamba mtu huyo ana wenzake, ana kazi na ana desturi. Uchunguzi ukatoka maabara ukaingia ofisini, zahanati na shambani. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa Mtwara kuhusu waganga walioongozwa na kompyuta ya mkononi katika kuwapima watoto wagonjwa. Mwaka 2016 mkutano wa kwanza wa Afrika wa taaluma hii ulifanyika Nairobi.

Kilosa nayo ina mfano wake. Katika miaka ya 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine waliujaribu huko mfumo wa UshauriKilimo, ambamo mkulima hutuma swali kwa simu na kujibiwa na mtaalamu wa ugani. Hapa mashine haikabiliani na mtu mmoja tu: yupo bwana shamba, na huenda yupo pia jirani mwenye simu au mtoto ajuaye kusoma. Tena, swali la ugonjwa wa mahindi sharti lienee katika herufi 160 za ujumbe mmoja. Neno likimpotosha mkulima, hasara yake ni msimu mzima.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Mtumishi wa serikali asikiapo "mwingiliano wa madaraka" huelewa kwamba mipaka imevurugika. Mwingiliano, basi, hueleza kukutana au kugongana tu. Hauulizi kama pande mbili zimefahamiana.

Linganisha na huduma za fedha kwa simu, zilizoenea nchini tangu mwaka 2008. Huko Mikumi, mji wa wilaya hiyo hiyo kando ya barabara kuu ya Morogoro na Iringa, msafiri na mchuuzi husema "wakala", "salio" na "namba ya siri" bila kuhitaji kamusi. Ni maneno ya zamani yaliyopewa kazi mpya.

Kwa kufuata njia hiyo, tunapendekeza "maelewano ya watu na kompyuta". Atakayepinga kwamba mashine haielewi atakuwa amesema kweli. Lakini twasema pia kuwa mizani inadanganya, na hakuna anayeidhania kuwa na hila. Dosari ya neno hili ni kwamba hati za serikali hulitumia kwa maana ya mapatano, muktadha utapambanua. Faida yake ni kubwa zaidi: humdai mtengenezaji. Mkulima asipoelewa, kazi haijakwisha.

Hatuna budi, kabla ya kulisanifisha neno lolote la aina hii, kulipeleka kwanza kwa mabwana shamba na wakulima wenyewe, walijaribu katika ujumbe wao.