Spika Mbili za Shangazi

Mimi si mtu wa kukawia dukani. Nikiulizia bei, nikapunguziwa kidogo, hulipa nikaenda zangu. Lakini mwaka juzi nilisimama katika duka moja la Kariakoo karibu nusu saa, mbele yangu spika mbili za Bluetooth zilizofanana kama Kulwa na Doto, JBL Flip 6 na JBL Charge 5, nisijue nichukue ipi.

Haja ilikuwa ya shangazi yangu aishiye Tanga. Redio yake ya kaseti ilikwishakufa, na iliyobaki kabatini ni kaseti moja ya harusi, ambayo ndani yake marehemu mumewe anasikika, kwa dakika mbili hivi, akiwakaribisha wageni kabla taarabu haijaanza. Fundi alituhamishia kaseti ile kwenye simu. Tatizo ni kwamba sauti ya simu ilimfikia shangazi kama nyuki aliyefungiwa chupani.

Muuzaji alinipeleka moja kwa moja kwenye wati: Flip ina 30, Charge ina 40. Akaongeza masaa ya betri, 12 kwa ile ndogo na 20 kwa kubwa, na kwamba hiyo kubwa inaweza pia kuchajia simu. Yote ni kweli. Zote mbili zilitoka mwaka 2021, zote zina alama ya IP67, yaani vumbi haliingii na zikizama katika maji baridi ya kina cha mita 1 kwa dakika 30 zitapona. Maji ya chumvi hayamo katika jaribio hilo, jambo ambalo sisi watu wa pwani hatuambiwi. Na hayo masaa hesabu yake ni ya sauti ya wastani. Ukifungulia kama wafanyavyo vijana wa mtaani kwetu, betri itakwisha mapema.

Kisha akazipiga. Hapo ndipo nilipoona jinsi duka linavyomdanganya mtu bila muuzaji kusema uongo. Charge ilisikika bora kwa sababu ilikuwa juu zaidi, na sikio letu lina tabia hiyo: vitu viwili vikifanana, kilicho juu kidogo hukiona kizuri. Ukitaka kulinganisha kwa haki, huna budi kusawazisha sauti kwanza. Nilipoomba ile kubwa ipunguzwe hadi zilingane, tofauti niliyokuwa tayari kuilipia ilipungua nayo.

Ilibaki besi. Kampuni inaandika kwamba Flip hushuka hadi mitetemo 63 kwa sekunde, na Charge hadi 60. Sasa, taarabu ya Tanga, ile iliyokuzwa na Black Star na Lucky Star, ilijengwa juu ya gita la besi, na uzi mnene wa gita hilo hutetema mara 41 hivi kwa sekunde. Maana yake hakuna hata moja kati ya hizi inayoifikia noti ile ya chini kabisa. Sikio ndilo hujaza pengo, kwa kuzisikia sauti za juu zinazofuatana na noti hiyo. Viwambo vilivyoko kwenye ncha zote mbili za spika, vile vinavyotikisika vyenyewe, husaidia. Lakini kiboksi kidogo hubaki kiboksi kidogo. Kubishania 63 na 60 ni kubishania punje. Kilicho muhimu zaidi ni kwamba zote mbili zina spika ya pili ya sauti nyembamba, ambayo Flip 5 ya mwaka 2019 haikuwa nayo, na herufi kama s na f hukaa huko juu. Maneno ya mtu huelewekea huko.

Nikanunua ndogo, nikaazima kubwa kwa mpwa wangu, nikapanda basi nazo zote mbili. (Iwapo unasoma haya leo, ujue kwamba mwaka 2025 zilitoka Flip 7 na Charge 6, nazo sijazisikiliza.)

Uani, jioni, kubwa ilishinda bila ubishi. Ngoma ilikuwa na kifua, na majirani walisogea. Nikajiona mjinga niliyebana pesa. Shangazi alivumilia wimbo mmoja, kisha akasema, "Baba, hiyo inapiga kelele. Mimi nataka inisemeshe."

Tukaingia chumbani. Nikaweka sauti chini, nikapunguza besi kwenye programu ya simu, nikampa Flip mkononi. Gramu 550 aliweza kuziegemeza begani, karibu na sikio. Ile ya gramu 960 aliijaribu, akairudisha mezani. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba uzito nilioupita haraka kwenye karatasi ndio ulikuwa swali lenyewe.

Ubaya wake nao upo. Betri yake imo ndani kwa ndani. Ikichoka baada ya miaka, hakuna kwenda kwa mwenye duka kununua nyingine kama tulivyofanya kwa redio. Vitufe vyake havionekani gizani, na shangazi bado humwita mjukuu aiunganishe na simu.

Usiku ule hakumwita. Marehemu aliposema "karibuni" mara ya kwanza, shangazi alifumba macho. Kinanda kilipoanza akanigusa mkono.

"Rudisha," akasema. "Taarabu naijua."