Kukkanja: Uhuru Uliopimwa kwa Kibaba

Watu wa mwambao wetu wanaijua ada ya kuvunja jungu, zile siku za mwisho wa Shaabani ambapo nafsi hupewa haki yake kabla haijafungwa hatamu. Na huko Malta, kisiwa kidogo kilicho kusini ya Sisilia, Wakristo nao wana vunja jungu lao, ambalo ni Kanivali, linalotangulia siku arobaini za Kwaresima. Ajabu iliyoje kwamba lugha yao, iliyozaliwa na Kiarabu ikalelewa na Kiitalia, huiita Kwaresima hiyo Randan, neno ambalo asili yake ni Ramadhani, na Pasaka yao huiita Għid, ambayo sisi tungeijibu mara moja, Idi!

Walakini si karamu ninayokusudia kuitazama hapa, ingawa keki yao ya prinjolata, iliyofinyangwa mfano wa kuba na kupambwa kwa mbegu za msonobari, ingestahiki sahani nzima ya maneno. Ninalotaka kulichambua ni ufundi: jinsi Mashujaa wa Mtakatifu Yohana, waliokitawala kisiwa hicho tangu 1530 hata 1798, walivyowapa raia zao siku chache za kucheka bila ya kuwaachia kamba yenyewe.

Hatua ya kwanza ilikuwa idhini. Kanivali haikuzuka hivi hivi, bali iliombwa, na waombaji wenyewe walikuwa vijana wa mashamba waliocheza parata, mchezo wa vita vya kuigiza ambamo kundi moja huvaa Kituruki na la pili huvaa mavazi ya Mashujaa, kwa kuukumbuka mzingiro wa 1565, wakati majeshi ya Sultani wa Istanbul yalipokizingira kisiwa na kurejea bila ya kukiteka. Ruhusa ikishatoka, husimuliwa kwamba jiwe lilitundikwa kwenye jengo la mahakama, kuwa ni dalili kwamba sheria imekwenda kupumzika. Tazama basi hila yake: mnyonge aliitaka rukhsa ya kumcheka mkubwa kwa kwanza kuucheza ushindi wa mkubwa huyo huyo.

Hatua ya pili, nayo ndiyo yenye ustadi zaidi, ni kukkanja, iliyoletwa mwaka 1721 na Marc'Antonio Zondadari, Mkuu wa Mashujaa aliyetokea Siena. Katika uwanja mbele ya kasri lake, katika mji mkuu wa Valletta, palisimamishwa miti na maboriti, yakafunikwa kwa matawi mabichi, na humo yakafungwa mapaja ya nguruwe, soseji, vikapu vya mayai na hata wanyama walio hai, huku halaiki ikizuiliwa pembeni, mate yakiwatoka, hata ishara itolewe; na ishara ilipotolewa, kila mtu alikimbilia na kuparamia. Lakini sharti lilikuwa moja, na ndilo lililokuwa roho ya shughuli yote: chakula hakikuwa mali ya aliyekishika, bali ya aliyeweza kukipitisha salama katikati ya wenziwe. Kwa sharti hilo ukarimu wa mtawala ukageuka ugomvi wa watawaliwa, kwani mwenye kukumbatia paja la nguruwe hana nafasi ya kuinua macho kwenye roshani ya kasri. Macho yake yako kwa jirani yake. Nakiri kwamba sijaona siasa iliyopikwa kwa viungo vichache kuliko hivyo.

Mtawala asiyeujua ufundi huu aliharibu. Giovanni Paolo Lascaris, aliyekuwa Mkuu mwaka 1639, aliwakataza wanawake kuvaa barakoa na akapiga marufuku mavazi ya shetani. Lawama zikawaangukia makasisi Wajesuiti, walioshukiwa kumshawishi, na Mashujaa vijana kwa ghaidhi yao wakakivamia chuo chao. Hata leo Mmalta akimwona mtu amekunja uso husema ana wiċċ Laskri, yaani uso wa Lascaris. Gavana wa Kiingereza, Patrick Stuart, hakuisoma tarehe hiyo, maana mwaka 1846 alikataza barakoa siku ya Jumapili ya Kanivali, akavuna ghasia alizozipanda.

Siku hizi gwaride la Valletta lina magari makubwa ya karatasi zilizogandishwa kwa gundi, na lina mpango wake. Ila huko Nadur, kijiji cha kisiwa jirani cha Gozo, ambacho jina lake limetoka katika shina lile lile la nadhari yetu, hakuna aliyeombwa idhini wala jiwe lililotundikwa. Watu hujifunika mashuka na nguo kuukuu, hutoka usiku, na wengi wao hawasemi neno, kwa kuwa sauti ingewatambulisha. Hupita tu mbele yako kimya, nawe hujui kama aliyesimama mlangoni pako ni jirani, ni kasisi, au ni polisi.